Mfupa Uliotokeza Nje, na Vitu Vinavyoukinga na Vijidudu



Msimu unapokaribia, ukurasa huu huzoea kusema juu ya majamvi, magunia, kupalilia chini ya miti, na uanikaji ulio safi. Mara hii twaomba ruhusa tuseme juu ya mguu wa mchumaji. Karafuu zikinyeshewa jamvini ni hasara, lakini mti utazaa tena. Kijana aliyeanguka kutoka tagaa la juu, akavunjika muundi, mfupa ukatokeza nje ya ngozi, huyo mguu wake akiupoteza hautachipua.

Kila mmoja wetu ajua kwamba mkarafuu si mti wa kuaminiwa. Tagaa lake huonekana nene, kumbe hukatika kwa ghafla. Na vishada vizuri ndivyo vilivyo mbali nchani. Kamba na ngoe hupunguza hatari, wala haziiondoi. Basi yafaa tujue mambo mawili: madaktari wa leo wana vitu gani vya kuulinda mfupa wa namna hiyo usioze, na sisi tulio shambani tufanye nini ili vitu hivyo visije vikakuta kazi imekwisha haribika.

KUVUNJIKA KWA NAMNA MBILI

Mfupa waweza kuvunjika ndani, na ngozi ikabaki nzima. Huo, ukinyoshwa na kutulizwa, mwili wenyewe huuunga. Namna ya pili ni ile ambayo ngozi imepasuka mpaka kwenye mfupa. Wengi hudhani kwamba lazima mfupa uonekane umetoka, sivyo. Ncha yaweza kutoboa ngozi kisha ikarudi ndani, ikaacha kitundu kidogo kama punje ya mtama. Hata hicho ni mlango uliofunguliwa, na kwa mlango huo hupita udongo, vumbi la majani makavu, nyuzi za nguo, na pamoja navyo vijidudu visivyoonekana kwa macho.

Hapo hatari iliyo kubwa huwa si kuvunjika tena, bali ni vijidudu. Vikiisha kujenga ndani ya mfupa, usaha hutoka mwezi baada ya mwezi; donda hufunga, watu wakashukuru, kisha hufumuka tena. Mfupa hukataa kuunga. Mtu hupasuliwa mara ya pili na ya tatu, na wengine mwisho hukatwa mguu. Katika muda huo wote hapandi mti, halimi, wala havui, na nyumba yake yakaa kwa kutazamia jamaa.

MTOTO WA GLASGOW

Zamani, kabla ya mwaka 1865, daktari aliyeletewa mguu wa namna hii mara nyingi aliona kuukata ndiyo njia ya kumwokoa mtu, kwa kuwa kuoza kulijulikana na dawa yake haikujulikana. Mwaka huo, tarehe 12 Agosti, katika hospitali kuu ya mji wa Glasgow huko Scotland, aliletwa mtoto wa miaka 11, jina lake James Greenlees. Gurudumu la gari la kukokotwa lilikuwa limempita mguuni, mfupa ukavunjika na ngozi ikapasuka. Daktari Joseph Lister alikuwa amesoma mafundisho ya Louis Pasteur wa Ufaransa juu ya vijidudu viozeshavyo. Akakifunika kidonda kwa kitambaa kilicholowa asidi ya kaboliki, dawa ambayo ilikuwa ikitumiwa kuondoa uvundo wa maji machafu ya mjini. Baada ya siku 4 alifungua, asione usaha. Baada ya wiki 6 hivi mfupa ulikuwa umeunga.

Mwaka 1867 Lister alitangaza habari za wagonjwa wake 11 wa mifupa iliyovunjika na kufunguka. Mmoja alikufa, mmoja alikatwa mguu, na 9 walipona na viungo vyao. Kwa siku zile hilo lilikuwa jambo la ajabu. Lakini tuangalie neno moja katika habari hiyo, maana ndilo shina la yote yatakayofuata: dawa iliwekwa pale pale penye mvunjiko.

KWA NINI SINDANO PEKE YAKE HAITOSHI

Leo zipo dawa nyingi za kuua vijidudu, za kumeza na za sindano, na mtu aweza kuuliza: kwa nini basi tusimchome mgonjwa sindano tukamaliza? Jibu ni kwamba dawa ya sindano husafiri kwa njia ya damu, na pale mfupa uliposagika mishipa ya damu nayo imekatika. Mkulima ataelewa upesi. Tagaa lililochunwa gome pande zote halilishwi tena kama matagaa mengine, hata ukilihudumia shina namna gani. Kadhalika kipande cha mfupa kilichotengwa na damu: dawa hupita kwingine kote mwilini, na hapo haifiki, au hufika kidogo mno. Vijidudu navyo hupenda mahali kama hapo.

Tena liko jambo la chuma. Mfupa uliovunjika vibaya hushikizwa kwa msumari mrefu upitao ndani ya uboho, au kwa bamba na skrubu. Chuma husaidia sana, kwa kuwa mfupa unaochezacheza haupoi. Lakini chuma hakina uhai wala damu ya kujilinda. Mwaka 1987 mtaalamu wa Marekani, Anthony Gristina, alilieleza jambo hili kama mashindano ya kuwania uso wa chuma: chembe za mwili zikitangulia kukishika, chuma huwa kama sehemu ya mwili, vijidudu vikitangulia, huwa ni ngome yao. Huko hujitandazia ute, kama ule ute wa mawe ya mtoni ambao maji yapita juu yake mchana kutwa wala hauondoki. Kijidudu kilichojifunika ute huo huweza kustahimili dawa mara mamia, hata mara elfu, kuliko kile kinachoelea peke yake.

Hatusemi kwamba sindano ni bure. Tena mtu asituelewe hivyo. Mwaka 1974 madaktari wa Marekani, Patzakis na wenzake, walitangaza kipimo chao kwa watu wenye mifupa iliyovunjika na kufunguka. Katika wale ambao hawakupewa dawa ya kuua vijidudu, karibu 14 katika kila 100 waliingiwa na vijidudu. Katika wale waliopewa dawa moja ya jamii ya sefalosporini, walikuwa 2 tu hivi katika kila 100. Sindano ya mapema ndiyo ngao ya kwanza. Vitu tutakavyotaja sasa ni ngao ya pili, ya mahali pale ambapo ya kwanza haifiki.

KUIWEKA DAWA PALE PALE

Mwaka 1892 Mjerumani aitwaye Dreesmann alijaza mashimo ya mifupa iliyooza kwa plasta, ile ile unga wa jasi ukorogwao kwa maji ukawa mgumu, naye aliichanganya na dawa ya jamii ya kaboliki. Plasta huyeyuka polepole mwilini, na mfupa mpya hukua mahali pake. Wazo lilikuwa zuri, ila dawa zenye nguvu za kutia ndani zilikuwa hazijapatikana.

Baadaye ilikuja saruji ya mifupa. Hii si ile ya kujengea nyumba. Ni namna ya plastiki ambayo daktari huchanganya unga wake na maji yake chumbani mwa kupasulia, ikawa kama ugali mzito, kisha katika dakika chache ikashika na kuwa ngumu. Daktari John Charnley wa Uingereza aliieneza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kushikizia nyonga za bandia. Huko Hamburg, Ujerumani, Daktari Buchholz alifikiri: ikiwa saruji hii yakaa karibu na mfupa miaka mingi, kwa nini isibebe dawa? Akachanganya ndani yake jentamaisini, na mwaka 1970 yeye na Engelbrecht wakatangaza matokeo. Dawa hiyo haikuchaguliwa ovyo. Saruji inaposhika hutoa joto kali, na dawa nyingi huharibika kwa joto, jentamaisini hustahimili. Tena huyeyuka majini, basi huweza kutoka ndani ya saruji na kuingia katika majimaji ya kidonda.

Katika miaka ya 1970 Daktari Klaus Klemm, Mjerumani vilevile, aliifanya saruji hiyo kuwa shanga ndogo, zikatungwa katika uzi wa chuma mfano wa tasbihi. Shanga hizo hulazwa ndani ya shimo la mfupa na kuachwa siku kadhaa au wiki kadhaa. Dawa hutoka kwa wingi siku za kwanza, ikafika kipimo ambacho kama kingeletwa kwa njia ya damu kingeudhuru mwili, na figo hasa. Lakini kwa kuwa yakaa pale pale, damuni huingia kidogo tu. Ila zina kasoro yake: saruji haiyeyuki. Dawa ikiisha, shanga hubaki kuwa kitu kigeni, na vijidudu vyaweza kujenga juu yake. Basi mgonjwa hupasuliwa tena ili zitolewe.

Kwa ajili hiyo watu wamerudi kwenye wazo la mzee Dreesmann. Leo ziko shanga za jasi safi zenye dawa, ambazo huyeyuka zenyewe, wala hapana haja ya kuzifuata. Yako pia mapande laini kama sponji, yaliyofanywa kwa kolajini ya wanyama, ambayo hubeba jentamaisini na kuyeyuka.

Kitu kingine ni kioo. Mwaka 1969 Larry Hench, katika Chuo Kikuu cha Florida, alitengeneza kioo ambacho mfupa hukishika kana kwamba ni mwenzake. Baadaye wataalamu wa Finland walitengeneza aina nyingine, iitwayo S53P4, ambayo kwa uzito ina silika 53 katika 100, na mengineyo ni magadi, chokaa na fosforasi. Chembe zake zikilowa majimaji ya mwili hutoa chumvi, na mahali pale huwa pakali kama majivu, hata vijidudu haviwezi kukaa. Haina dawa yoyote ya sindano ndani yake, na hilo ni jambo la kufurahisha katika siku hizi ambapo vijidudu vingi vimezoea dawa. Wako pia wanaopaka chuma fedha au aidini kabla ya kukitia mwilini. Vyuma vilivyopakwa fedha hutumiwa hasa kwa wagonjwa waliotolewa mifupa mikubwa kwa sababu ya saratani.

VIPIMO VYASEMAJE

Si kila kitu kilicho kizuri katika maelezo huwa kizuri mguuni mwa mtu, basi yapasa kupima. Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya kipimo kikubwa cha Marekani kwa watu 980 waliovunjika vibaya mfupa wa muundi, karibu na goti au karibu na kifundo cha mguu. Wote walipata matibabu ya kawaida. Nusu yao, kabla ya kushonwa, walinyunyiziwa ndani ya kidonda unga wa vankomaisini, gramu 1. Katika miezi 6 iliyofuata, walioingiwa na vijidudu ndani walikuwa 6.4 katika 100 kwa walionyunyiziwa, na 9.8 kwa wasionyunyiziwa. Unga ulipunguza kundi moja la vijidudu, lile ambalo dawa hiyo hulipiga. Kundi la pili halikujali.

Katika nchi yetu wenyewe, Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam, imeshirikiana na madaktari wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, kuipima jentamaisini kwa njia isiyo na gharama kubwa: dawa ya majimaji hudungwa karibu na mvunjiko wa muundi baada ya kidonda kusafishwa na kufungwa. Hatua ya kwanza ilikuwa ya watu 100, ili ionekane kama kazi yenyewe yawezekana. Twalitaja jambo hili kwa furaha, kwa kuwa mguu wa mkulima hautaokolewa na kitu ambacho bei yake haifikiki.

JE, MAFUTA YETU YA KARAFUU?

Hapana shaka mwanachama ameisha jiuliza. Mafuta ya karafuu yana yujinoli kwa sehemu kubwa kuliko vitu vingine vyote vilivyomo, na yujinoli huua vijidudu vingi katika majaribio ya maabara. Tena ni wa jamii moja na ile kaboliki ya Lister. Madaktari wa meno wameichanganya na unga wa zinki tangu zamani, ikawa kijazio cha kutuliza jino. Basi kwa nini isitumike mfupani?

Kwanza, mafuta yenyewe, yasipochanganywa, huunguza nyama laini. Kaboliki nayo iliunguza ngozi za wagonjwa na mikono ya madaktari, ndiyo sababu iliachwa vilipopatikana vingine. Dawa inayoua vijidudu na kuua pia chembe zinazojenga mfupa haijasaidia. Pili, na hili wengi hawalijui, yujinoli huzuia plastiki za jamii ya saruji ya mifupa zisishike vizuri; daktari wa meno huwa mwangalifu asitumie kijazio cha plastiki juu ya chenye yujinoli. Wako wataalamu wanaojaribu kuitia kwa kipimo kidogo katika vitu vya kufunika chuma, na twawaombea mafanikio, maana soko jipya la karafuu hatulikatai. Lakini hayo ni ya maabara. Twasema wazi: mtu asimimine mafuta ya karafuu, wala karafuu iliyosagwa, katika mvunjiko uliofunguka.

VITU HIVI HAVIWEZI NINI

Hakuna shanga, wala unga, wala kioo kitakachofanya kazi juu ya uchafu. Daktari hana budi kwanza akate nyama iliyokufa, atoe vipande vya mfupa visivyo na uhai, aoshe kwa maji mengi safi, ndipo aweke dawa. Na vijidudu havingoji. Miongozo ya madaktari wa Uingereza yataka sindano ya kuua vijidudu ipigwe, ikiwezekana, ndani ya saa 1 tangu mtu alipoumia. Saa hiyo moja si ya daktari, ni yetu. Ndiyo saa ya kuteremka mlima kwa machela, ya kutafuta gari, na ya kubishana ni nani atakayelipa nauli. Mgonjwa akifikishwa kesho yake, baada ya kuzungushwa huku na huko, vitu vyote tulivyovieleza vitakuwa vinafukuza mwizi aliyekwisha hamia nyumbani.

Hatuwadharau wazee wetu wanaounga mifupa. Wako wenye mikono ya kusifiwa. Lakini mvunjiko wenye kidonda si wa magango na kukandwa. Mzee mwenye hekima ndiye atakayekuwa wa kwanza kusema, “Huyu mpelekeni hospitali.”

KAZI YETU SHAMBANI

Mtu akianguka, twawaomba wanachama wafanye hivi:

1. Msimkimbilie kumwinua. Akilalamika shingo au mgongo, au miguu haina hisia, msimkunje wala kumkalisha. Abebwe amenyooka juu ya ubao.

2. Damu ikitoka, gandamizeni kwa kitambaa safi, wala msiachie mara kwa mara kutazama.

3. Mfupa ulioonekana msiurudishe ndani, wala msichokonoe kidonda. Kifunikeni kwa kitambaa kisafi, kilichofuliwa na kuanikwa juani.

4. Msitie majivu, kahawa, udongo, mafuta, majani, wala unga wa vidonge.

5. Fungeni magango mguu ukiwa kama ulivyo, yapite kiungo cha juu na cha chini ya mvunjiko, wala msikaze mpaka vidole vikafa ganzi.

6. Msimpe chakula wala kinywaji, huenda akapasuliwa. Shikeni saa aliyoanguka, mkamwambie daktari.

7. Mkifika, ulizeni juu ya sindano ya kuua vijidudu na ya pepopunda. Kuuliza si utovu wa adabu.

Kwa upande wa wenye mashamba, twaona haifai kungoja ajali ndipo itafutwe machela. Kila tawi liweke mapema, kabla ya pakacha la kwanza kujazwa: machela moja, magango yaliyorandwa, kitambaa safi ndani ya mfuko uliofungwa, namba ya simu ya mwenye gari aliyekubali kuja hata usiku, na fedha kidogo ya nauli mkononi mwa mtu mmoja anayejulikana. Gharama ya vitu hivyo, tukiigawa kwa pishi za msimu mmoja, hatutaihisi. Mchumaji ambaye si mwenye shamba, aliyekuja kwa kibarua kutoka kijiji kingine, asije akalala chini ya mti huku watu wanaulizana yeye ni wa nani. Amepanda mti wetu. Ni wetu mpaka afike kwa daktari.

Makatibu wa matawi waombwa walisome jambo hili mkutanoni kabla ya uchumaji kuanza, na waliolisikia wawaeleze wachumaji wao chini ya miti. Kamba zikaguliwe, na matagaa makavu yakatwe mapema. Twawatakia mavuno mema na miguu mizima.